UZI: 80 kwa 80 uso kwa uso SIO ukuta kwa 160. Njooni na hesabu

Fundi_Katwe

Wadau habari za humu. Tangu ile ajali ya Oktoba 2025 kule Kiryandongo, Uganda, barabara ya Gulu, mabasi mawili usiku kila moja linaovateki yakakutana uso kwa uso na watu zaidi ya 40 wakaenda, kuna sentensi moja naisikia kila mahali, kwenye teksi, gereji, kwenye kinyozi, kwamba "80 kwa 80 ni sawa na kugonga ukuta kwa 160". Naomba leo tuizike. Mimi ni fundi bodi, nakunjua magari hapa Katwe, na kabla ya kushika nyundo nilisoma PCM (fizikia, kemia, hesabu) mpaka S.6 kwa hiyo hesabu kidogo zimebaki.

Chukua Premio mbili zinazofanana, kila moja kama tani 1.2, zije kwa 80 kila moja zikutane pua kwa pua. Chora mstari pale zilipogusana. Ule mstari hauendi Jinja wala hauendi Kampala, kwa sababu pande zote mbili zinasukuma sawasawa. Kwa hiyo Premio ya huku inachokutana nacho ni kitu ambacho hakisogei, na mwendo wake umetoka 80 umeingia 0. Ukuta wa zege nao ungekufanyia nini tofauti? Hakuna, ni hivyo hivyo.

Ukitaka kwa nishati, kila Premio imekuja na kilojuli 296 hivi na kila moja imekunjwa na 296 zake. Premio inayogonga ukuta kwa 160 inabeba kilojuli kama 1,185, mara NNE, maana kwenye nishati spidi inajizidisha yenyewe, na hizo zote zinamalizwa na pua moja tu. Nimeshafungua magari ya ajali za uso kwa uso mengi na mlango wa dereva bado unafunguka. Gari la ukuta kwa 160 haliji kwangu, linaenda kwa wanunuzi wa skrepa.

Mods msihamishe huu uzi kwenye jukwaa la magari, ni fizikia.

Kijana_wa_Ntinda

Fundi hapo umetuacha. Mimi nakuja 80 yeye anakuja 80, tunakaribiana kwa 160, hiyo hata mtoto wa P.7 anaijua. Sasa ile 80 ingine imeliwa na nani

Mwalimu_Tororo

Swali zuri kijana, na hakuna aliyeila. Ile 160 ipo lakini watu wanaibandika kwenye kitu ambacho siyo chake. Ukigonga gari lililopaki, linalofanana na lako, gia ikiwa nyutro, wewe ukiwa 160, hapo ndipo unapata mgongano sawa kabisa na ule wa 80 kwa 80. Kwa nini? Kwa sababu lililopaki linarudi nyuma. Mkishashikana mnaondoka pamoja kwa 80, wewe umepoteza 80 na lile limepata 80. Kila mmoja mwendo wake umebadilika kwa 80, basi.

Ukuta haurudi nyuma. Ukuta wa 160 unakunyang'anya zote 160.

Kwa hiyo acheni kuuliza "tulikuwa tunakaribiana kwa ngapi", ulizeni "mwendo WANGU umebadilika kwa ngapi, na ndani ya umbali gani". Hayo mawili ndiyo yanayomuumiza mtu.

Malaba_Safari

Mwalimu shikamoo. Sisi wa trela tunaambiwa kila siku kwamba trela inampiga mwenye teksi kwa nguvu nyingi kuliko teksi inavyompiga mwenye trela. Naendesha Malaba Kampala miaka, na ukweli yule wa teksi ndiye anayekufa. Sasa hapo ile sheria ya nguvu mbili sawa inafanyaje kazi, ama ni ya shuleni tu?

Mwalimu_Tororo

Marahaba. Inafanya kazi vizuri sana, Newton aliichapisha 1687 na trela hazijaishinda. Nguvu ni ILE ILE pande zote mbili. Tufanye hesabu ili tusibishane bure.

Trela yako imepakia, tani 50 (kikomo cha Afrika Mashariki ni 56 kwa hiyo hujavunja sheria), unakuja 60. Teksi ya abiria 14 iliyojaa, tuseme tani 3, inakuja 80. Mkishikana mnaenda upande wako. Momenta yako ni 50 mara 60, yaani 3,000. Ya teksi ni 3 mara 80, yaani 240, toa kwa sababu inakuja kinyume, inabaki 2,760, gawa kwa tani 53 zote, unapata 52.

Sasa angalia. Wewe ulikuwa 60 umebaki 52, umepoteza 8. Chai yako imemwagika. Mwenye teksi alikuwa anaenda 80 kuelekea Jinja, ghafla anaenda 52 KURUDI Kampala. Mwendo wake umebadilika kwa 132. Zidisha 8 mara 50, zidisha 132 mara 3, zote zinakuja karibu 400. Nguvu sawa, muda sawa, mwili tofauti. Nguvu ileile kwenye tani 50 inafanya kidogo, kwenye tani 3 inafanya mara 17 ya hiyo.

Kwa hiyo mwenye teksi kagonga kitu kibaya kuliko ukuta. Ukuta ungemnyang'anya 80 tu.

Kijana_wa_Ntinda

Banange. Kwa hiyo ukuta ni afadhali kuliko trela

Malaba_Safari

Sasa nimeelewa kwa nini dereva mwenzetu mmoja wa trela aliyegongana na gari dogo pale Naluwerere alisema alihisi kama kapanda tuta tu. Mungu amrehemu mwenye lile gari dogo.

Mama_Wawili

Nafuatilia kimya kimya lakini niulize. Mimi nasafiri na teksi kwenda Masaka na mtoto wangu wa mwaka mmoja, nampakata, namshika kwa mikono miwili sana. Mnaposema umbali, mtoto aliyepakatwa yuko wapi kwenye hizo hesabu zenu?

Mwalimu_Tororo

Dada yangu hapa naomba usome polepole maana ni pa muhimu kuliko pote.

Kuna njia ya mkato nawapa wanafunzi wangu. Kila spidi igeuze iwe kimo cha kuanguka. 30 kwa saa ni sawa na kuanguka mita 3 na nusu. 50 ni mita 10. 80 ni mita 25. 100 ni mita 39. Halafu chukua hicho kimo, gawa kwa umbali ambao mwili wako umetumia kusimama. Jibu ndilo mara ngapi ya uzito wako utaubeba kwa wastani wakati unasimama.

Gari linagonga ukuta kwa 50. Pua inakunjika na mkanda unanyooka kidogo, jumla mwili wako unasimama ndani ya sentimita 60 hivi. 10 gawa kwa 0.6, unapata 16 na kitu. Mtu wa kilo 70 anabeba zaidi ya tani moja kwenye mkanda. Atavunjika ubavu, atapata michubuko, lakini ataongea.

Asiye na mkanda hatumii zile sentimita 60. Gari linapokunjika yeye bado anaelea na 50 zake, anakuja kukutana na dashibodi ambayo imeshasimama. Anasimama ndani ya sentimita 5 labda. 10 gawa kwa 0.05 ni 200. Kilo 70 mara 200, tani 14.

Mtoto wako wa kilo 10, hata kama ungeweza kumshikilia vizuri kabisa, kwa ile hesabu nzuri ya 16 atakuvuta kwa kilo 160. Na jambo zima linaisha kabla sehemu moja ya kumi ya sekunde haijafika. Hakuna mikono ya binadamu inayoshika gunia moja na nusu la mahindi kwa mkato huo. Na usimfunge kwenye mkanda mmoja na wewe, uzito wako wote utamkandamiza yeye.

Mama_Wawili

Asante mwalimu. Sasa kwenye teksi nitafanyaje na mkanda wenyewe mara nyingi haupo au umefungwa fundo chini ya kiti

Fundi_Katwe

Mama Wawili jibu la kweli ni kwamba usikae naye mbele. Hiace haina pua, injini iko chini ya viti vya mbele, ukipima kutoka bampa mpaka goti la dereva ni kama urefu wa mkono wako. Hiyo ndiyo sehemu yote ya kukunjika kabla chuma hakijafika kwa mtu. Kaa safu ya pili au ya tatu, chagua kiti chenye mkanda unaofanya kazi, vuta uone kama unarudi, na aliyekaa nyuma yako ukimuona hana mkanda ujue naye ni mzigo unaokuja. Mkiwa kituo cha mafuta mwambie kondakta afungue lile fundo. Atakunyooshea mdomo ila atafungua. Na siku ukipata gari la nyumbani nunua kiti cha mtoto.

Mzee_wa_504

Vijana mnasumbuka bure. Mimi nina Peugeot 504 tangu enzi hizo, chuma kitupu. Haya magari yenu ya bati la sufuria ukigonga mbuzi bampa linaanguka. Ile yangu iligonga mti hapo Lugazi ikabaki na mkwaruzo. Gari gumu ndilo linalookoa.

Fundi_Katwe

Mzee wangu heshima yako, lakini hapa ndipo kazi yangu ilipo kwa hiyo nitaandika sana mnivumilie.

Ukifungua boneti ya gari la kisasa utaona mbavu mbili za chuma zinaenda mbele kutoka kwenye ukuta wa injini mpaka kwenye bampa. Mteja akiziangalia anaona kama zimebonyezwabonyezwa, kuna vishimo na mikunjo midogo imewekwa kiwandani. Ile ni makusudi. Pale ndipo chuma kinaambiwa "anza kukunjika hapa, halafu hapa". Gari likija limegongwa vizuri (samahani kwa neno) ile mbavu inakuwa imejikunja mikunjo mikunjo mpaka imebaki nusu, na ukiangalia nguzo ya mlango haina hata ufa kwenye rangi. Zile sentimita ambazo mwalimu anagawia ndizo hizo, zimekatwa kwenye gari badala ya kukatwa kwenye kifua.

Aliyewaza hivyo ni injinia wa Mercedes-Benz, Béla Barényi, na gari la kwanza lililojengwa kwa fikra hiyo lilitoka 1959. Mwaka huohuo Nils Bohlin wa Volvo akaleta mkanda wa pointi tatu huu tunaoukwepa. Na mwaka huohuo tena Chevrolet walikuwa wanauza Bel Air, chuma kitupu kama unavyopenda mzee. Sasa 2009 taasisi ya Marekani inaitwa IIHS, inalipiwa na makampuni ya bima, wakaichukua Bel Air ya 1959 wakaigonganisha na Chevrolet Malibu ya 2009, kona kwa kona, kila moja 64 kwa saa. Video ipo. Kwenye Bel Air usukani umekuja kwenye kifua, nguzo ya mbele imejikunja, mlango umefunguka, sanamu iliyokuwa inaendesha ingekuwa mtu angekufa papo hapo. Kwenye Malibu sanamu imeumia mguu kidogo.

Gari kubaki na mkwaruzo maana yake halikutumia chochote. Ile kazi ya kusimama imefanywa na nani? Na shingo yako mzee.

Mzee_wa_504

Shingo yangu bado nzima na gari bado linawaka. Endeleeni.

Prado_TX

Fundi na hizi bampa za vyuma tunazofunga mbele je? Mimi nimefunga ya nguvu sana kwa ajili ya ng'ombe wa huko Karamoja

Fundi_Katwe

Kwa ng'ombe sawa, kwa trela hapana. Ile chuma ikichomelewa moja kwa moja kwenye chesisi inafanya pua isikunjike ilivyopangwa, na eabegi kwenye magari mengine inaweza kusoma mgongano vibaya kwa sababu imepangwa kwa pua ya kiwandani. Na mtu wa miguu ukimgonga na ile chuma badala ya bampa la plastiki, mwenyewe piga hesabu ya mwalimu.

Boda_Arua

Nyie mnaongea ya magari, sisi wa boda hatuna pua wala mbavu. Mimi natembea mjini tu, 20, 25, abiria wangu wanakataa helmeti wanasema karibu tu hapa sokoni. Kwa spidi hiyo kweli inahitajika?

Mwalimu_Tororo

Ndugu yangu wa Arua, kwa kichwa sahau kidogo spidi ya pikipiki. Kichwa cha aliyekaa kwenye boda kiko kama mita 1.6 kutoka chini. Hata boda ikiwa imesimama taa nyekundu ikapinduka, kichwa kinaanguka hizo mita 1.6. Kanuni ni ileile. Helmeti ndani ina povu gumu jeupe, hilo likisagika linakupa kama sentimita 2 za kusimamia. 1.6 gawa kwa 0.02 ni 80. Fuvu likienda lami bila kitu linasimama ndani ya milimita 3 hivi. 1.6 gawa kwa 0.003 ni zaidi ya 500. Kutoka 80 mpaka 500 ni lile povu tu, lile ganda la nje la kung'aa kazi yake kubwa ni kuteleza na kusambaza pigo.

Na povu likishasagika halirudi. Helmeti iliyokwisha anguka na mtu, hata kama nje inaonekana mpya, imeshatumika.

Boda_Arua

Kumbe. Hizi tunazonunua barabarani nimefungua moja ndani ni sponji ya godoro

Mwalimu_Tororo

Hiyo ni kofia ya jua.

Kijana_wa_Ntinda

Mwalimu mbona unasema 200 na 500, nimesoma kuna mzungu wa jeshi alibeba mara 46 ya uzito wake akapona na wakamwita shujaa. Sasa kama 46 ni ushujaa, 80 ya helmeti si kifo?

Mwalimu_Tororo

Unamzungumzia John Stapp, daktari wa jeshi la anga la Marekani. Desemba 1954 alijifunga kwenye kigari cha roketi kinachopita juu ya reli kule New Mexico, kikafika karibu 1,017 kwa saa halafu kikasimamishwa ndani ya sekunde 1.4, akabeba uzito wake mara 46. Macho yalijaa damu lakini alipona akaishi mpaka uzeeni. Angalia mambo mawili. Kwanza alikuwa amefungwa mikanda mabegani, kiunoni, kifuani, kwa hiyo nguvu iligawanywa kwenye mifupa mikubwa, haikukaa sehemu moja. Pili muda. Yeye alibeba mzigo mwili mzima kwa zaidi ya sekunde nzima, kichwa kwenye helmeti kinabeba 80 kwa sehemu chache tu za elfu za sekunde. Ubongo unavumilia pigo fupi kuliko refu. Baada ya pale Stapp alikuwa anapigia kelele mikanda ya magari, maana aliona jeshi linapoteza marubani wengi barabarani kuliko unavyodhani.

Malaba_Safari

Naomba nirudi kwenye yangu. Ukishaona haiepukiki, mtu amekuja upande wako Mabira pale kwenye kona, unafanya nini, unakwepa ama unakanyaga breki? Wazee walitufundisha kukwepa.

Fundi_Katwe

Kanyaga breki mpaka mwisho, hata kama unajua hutasimama. Ukitoka 80 ukafika 40 kabla ya kugusana umebaki na ROBO ya nishati, sio nusu. Lami kavu gari dogo linahitaji kama mita 36 kusimama kutoka 80, mvua ikinyesha inafika 60 na zaidi, juu yake ongeza mita 22 kwa kila sekunde uliyokuwa unashangaa. Mzigo wako ndio unataka zaidi. Kukwepa nusu nusu ndiko kunakoleta ile ya kona kwa kona, mbavu moja inabeba kazi ya mbili na nguzo ya dereva ndiyo inapokea. Kama kuna nafasi ya kutoka kabisa kushoto toka, kama hakuna nenda ukiwa umenyooka.

Na kitu kingine ambacho kinanikera. Mtu analeta gari, mbavu zimejikunja, anataka nizivute, nizipashe moto, nipake bodifila na rangi, aliuze. Chuma kilichokwisha kunjwa kikapashwa moto hakikunjiki tena vile, ama kinakuwa laini sana ama kinakatika pale kilipochomelewa. Eabegi ikishafunguka wengine wanafunika dashibodi na kuchomeka rezista ili taa isiwake. Ukienda kununua gari fungua boneti tazama zile mbavu, rangi ikiwa na mawimbi au kuna mshono wa kuchomelea usiokuwepo upande wa pili, ondoka. Washa swichi, taa ya eabegi lazima iwake sekunde chache halafu izime. Isipowaka kabisa kuna mtu amekata.

Abiria_wa_Kakira

Huku kwetu shida sio uso kwa uso, ni matrekta ya miwa usiku bila taa na trela zilizoharibika zimeachwa njiani na matawi ya majani nyuma. Gari dogo linaingia chini. Hapo hizo mbavu za fundi zinasaidia?

Fundi_Katwe

Hazisaidii kitu, na hapo ndipo inaniuma. Bampa ya gari dogo iko chini ya kitanda cha trela. Pua inapita bila kugusa chochote, mbavu zinarudi hazijakunjika, eabegi wakati mwingine haifunguki kwa sababu bado hakuna kilichogongwa, na kitu cha kwanza kukutana na trela ni kioo cha mbele na vichwa. Niliwahi kuletewa gari la hivyo, taa zote mbili za mbele nzima, paa limekunjwa mpaka kiti cha nyuma. Kule Marekani mwigizaji Jayne Mansfield alikufa hivyo 1967, ndio maana ule mti wa chuma unaofungwa chini nyuma ya trela wanauita kwa jina lake mpaka leo. Kazi yake ni kuipa pua ya gari dogo kitu cha kugonga ili ikunjike ilivyopangwa.

Malaba_Safari

Yangu ilikuwa nao, uling'oka kwenye rampu ya kupakulia na bosi alisema hauna kazi. Nikikuletea trela unaweza kunichomelea? Uwe kimo gani?

Fundi_Katwe

Lete. Chini yake isizidi sentimita 55 kutoka ardhini na inapimwa trela ikiwa tupu, kwa hiyo usije umepakia. Na uwe wa kufungwa kwenye chesisi kwa vishikio, usiwe bomba la maji limechomelewa kwenye kishikio cha taa kama nilivyoona wiki hii. Hilo ni la kutundikia nguo.